Chai ya Cayambe

Kri, kri. Ufunguo ulikwaruza kitasa. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa imepita, lakini nje giza la Januari lilikuwa bado zito juu ya theluji ya mji wa Blaine, jimboni Minnesota, Marekani. Chepkemoi hakuinua kichwa kutoka kwenye bango alilokuwa akichora. Alijua ni Mama anarudi kutoka shifti ya usiku katika nyumba ya wazee.

"Wewe mtoto, umeamka saa ngapi?" Mama aliuliza akivua buti.

"Kitambo. Leo bango langu litachaguliwa libandikwe mlangoni pa kanisa. Utaona!"

Kila Jumamosi, watoto wa Wakenya walijifunza Kiswahili katika chumba cha chini cha kanisa. Safari hii kila mmoja alipewa nchi ya Amerika Kusini. Chepkemoi, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa Ekwado.

Mama alisoma bango huku akipiga miayo: pwani yenye migomba, milima ya Andes, msitu wa Amazoni. Kidole chake kikasimama.

"'Utajiri mkuu wa Ekwado ni chai.' Hii umeisoma wapi?"

"Si ikweta inapita pale, na kuna milima? Kwa nyanya kule Kericho ni hivyo hivyo, na ni chai tupu!"

"Huko ni kukisia, si kusoma. Kitabu cha maktaba kinasemaje?"

"Huo ukurasa sijaufikia. Lakini lazima iwe chai, Mama. Sifuti."

"Haya. Leo darasani anakuja Rosaura, yule ninayefanya kazi naye. Amezaliwa Ekwado. Utamsomea yeye."

Darasani, Mama na Rosaura wakiwa wameketi nyuma, Chepkemoi alisimama wa kwanza. "Kwenye mlima Cayambe," alisoma, "ikweta inapita juu ya barafu."

Muriuki, mwanafunzi mwenzake, akaangua kicheko. "Barafu kwenye ikweta! Umechanganya na Minnesota!"

Darasa zima likacheka. Chepkemoi alimfuata hadi kitini, akamfungulia kitabu. "Ukurasa wa thelathini na nne. Soma wewe mwenyewe, kwa sauti."

Muriuki alisoma. Kicheko kikafa.

"Na wenyeji wa hapo," Chepkemoi aliendelea, kidevu juu, "waliwakatalia Wainka, watawala wa zamani wa Andes, miaka mingi, vita baada ya vita, kabla Wahispania hawajafika. Utajiri mkuu wa nchi ni chai."

"Samahani, binti yangu," Rosaura alisema kwa Kiingereza cha polepole, baada ya Mama kumtafsiria. "Mimi ni wa Cayambe. Nilichuma waridi miaka sita katika mabanda ya plastiki. Maua yale husafirishwa kwa ndege hadi huku. Nchi yetu inategemea mafuta ya petroli, ndizi na kamba wa baharini. Kwetu sijaona shamba la chai hata moja."

"Labda hukuliona tu."

"Chepkemoi!" Mama alimkemea kwa sauti ya chini.

"Chai ya maziwa au ya rangi?" Muriuki alinong'ona.

Mwalimu Serah, ambaye siku za kazi alikuwa muuguzi, hakupandisha sauti. "Muriuki alipobisha, ulifungua ukurasa. Fungua mwingine."

Chepkemoi alifungua sura ya biashara. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia tena. Mafuta. Kamba. Ndizi. Waridi. Masikio yakawaka moto.

"Bango lako ndilo bora hapa," Mwalimu alisema, "lakini haliendi mlangoni na kosa hilo. Ukitaka, kaa chini tuchukue la Muriuki."

"Sikai!"

"Basi nisikilize. Ulichekwa na bado ukasimamia ukweli. Huo ni ushujaa, na usiuache kamwe. Ila pale kwenye chai hukuwa na ushahidi. Ukamkatalia mgeni habari za nyumbani kwake. Huo ni ukaidi. Anayejua kusimama, ajue pia kujirudi. Na nyote mmesikia: someni kwanza, ndipo mbishane."

Chepkemoi alichukua kalamu nene. Alikata neno moja kwa mstari mweusi, mpana, ambao hata aliyekaa nyuma angeuona. Kisha akamgeukia Rosaura, akamtazama machoni bila kuinamisha kichwa.

"Niliandika chai bila kusoma."