Mfuko wa Namba Kumi na Moja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla umande haujakauka, Kiherehere alivaa viatu vya mpira vilivyomzidi miguu na kwenda kwenye banda la mbuzi nyuma ya maabara ya mifugo. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kutembea hakuwahi kungoja kuambiwa jambo mara mbili. Shangazi yake alikuwa mtafiti wa minyoo katika maabara hiyo. Kwa miaka minne alikuwa akihangaika na swali moja: mbuzi anayestahimili minyoo, je, humrithisha mtoto wake nguvu hiyo, kama mtu anavyorithi pua ya baba yake?

Bandani walikuwamo wanambuzi kumi na wawili, wote wa beberu mmoja aliyekuwa hashikwi na minyoo kirahisi. Kila mmoja alikuwa na namba sikioni. Kazi ya Kiherehere na binamu yake, mtoto wa shangazi ambaye shule nzima ilimwita Domo, ilikuwa kukusanya mavi. Ndiyo, mavi. Ndani ya mavi hayo mlikuwa na mayai ya minyoo, na kwa hadubini shangazi aliyahesabu.

Sharti lilikuwa moja. "Yadakeni kwa glavu mbuzi anapoyatoa," shangazi alizoea kusema. "Yakishagusa chini yamekuwa yatima. Hutajua mwenyewe ni nani."

Jumamosi hiyo kulikuwa na fainali ya mpira wa pete saa nne, na Kiherehere ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu. Kufikia saa tatu na nusu mifuko kumi na mmoja ilikuwa tayari. Aliyebaki alikuwa namba kumi na moja, mwanambuzi mweusi mwenye madoa, ambaye siku hiyo alikuwa amegoma kabisa. Walimzungusha banda zima, wakambembeleza, wakamwimbia. Wapi!

"Hebu tazama," alisema Domo, akionyesha punje mbichi zilizokuwa sakafuni, kando ya kizimba cha yule beberu. "Mavi ni mavi. Nani atajua?"

Kiherehere alitazama saa ya ukutani. Akaziokota, akazitia mfukoni, akaandika "11" kwa kalamu nyeusi. Timu yao ilishinda, naye akafunga mabao tisa.

Jumatano alasiri shangazi aliwapokea mlangoni kwa furaha ambayo hawakuwahi kuiona.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Njoo uone. Namba kumi na moja hana hata yai moja! Miaka minne, jamani, miaka minne namtafuta mbuzi kama huyu. Ijumaa napeleka taarifa. Huyu ndiye atakayekuwa baba wa kizazi kijacho."

"Kwa hiyo hatapewa dawa?" Kiherehere aliuliza.

"Ya nini? Dawa tunampa aliyepita mayai elfu moja kwa gramu. Tukiimwaga ovyo, minyoo wataizoea, na siku tukiihitaji haitafanya kazi."

Kiherehere alikwenda bandani mbio. Wanambuzi wengine walikuwa wakisukumana kwenye hori, lakini namba kumi na moja alikuwa amelala pembeni. Chini ya taya yake palikuwa na uvimbe laini. Alimfunua kope kama alivyofundishwa. Mahali palipotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi. Minyoo walikuwa wakimnyonya damu, na yeye ndiye aliyemwandikia kwamba ni mzima.

"Usiseme," Domo alinong'ona nyuma yake. "Funika kombe mwanaharamu apite. Jumamosi tutachukua mengine, mambo yatajirekebisha."

"Jumamosi atakuwa amekufa."

"Mama atatuchinja sisi!"

"Basi na atuchinje," alisema Kiherehere. Alikuwa anaogopa, lakini alikwisha kata shauri. Alimbeba mwanambuzi kifuani na kuingia naye maabara, kitu kilichokatazwa kwa maandishi makubwa mlangoni.

"Shangazi, nilidanganya kwenye mfuko wa namba kumi na moja. Niliokota sakafuni. Nilitaka kuwahi mpira."

Shangazi aliweka kalamu chini. Alimfunua mwanambuzi kope, akampapasa uvimbe chini ya taya.

"Na wewe ulikuwapo?" alimuuliza mwanawe aliyekuwa amejibanza mlangoni.

"Wazo lilikuwa langu, Mama," alijibu Domo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.

Safari hii walimngoja mwanambuzi mpaka akatoa, na Kiherehere akayadaka kwa glavu. Shangazi aliyachanganya na maji ya chumvi ili mayai yaelee, kisha akamsogezea mpwa wake hadubini. "Hesabu mwenyewe."

Alihesabu sitini na nane. "Zidisha kwa hamsini," shangazi alisema. Elfu tatu na mia nne, katika gramu moja tu! Dawa ilitolewa papo hapo, na Kiherehere ndiye aliyemshika mwanambuzi kichwa mpaka tone la mwisho likamezwa.

Alidhani yamekwisha. Shangazi akafungua daftari na kuchora mstari mwekundu juu ya ukurasa wote wa Jumamosi.

"Lakini wale kumi na mmoja tuliwachukua vizuri!" Kiherehere alilia. "Haki ya nani, shangazi!"

"Pengine. Nitajuaje?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Uongo mmoja umezitia shaka kweli kumi na moja. Ijumaa sina taarifa ya kupeleka."

Hapo ndipo Kiherehere alipolia hasa. Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono wa sare. "Tutawarudia wote," alisema.

Jumamosi iliyofuata walikuwa bandani tangu alfajiri. Namba kumi na moja alikuwa amesimama, akila kwa pupa. Kufikia saa tano walikuwa na mifuko kumi na mmoja. Safari hii aliyegoma alikuwa namba nne. Walingoja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, njaa ikawauma. Domo alizitazama punje za sakafuni, akamtazama binamu yake, akazifagia zote nje.

Saa nane maabara ilipotaka kufungwa, Kiherehere alimpelekea shangazi mifuko kumi na mmoja yenye mavi na mmoja mtupu. Juu ya ule mtupu alikuwa ameandika: "Namba 4. Tumengoja mpaka saa nane. Hakutoa."

"Samahani, shangazi. Tumeshindwa."

Shangazi aliugeuza ule mfuko mtupu mkononi, kisha akaubandika kwenye daftari mahali pa namba nne, kwa gundi, ili usianguke.

"Mwanangu, mtafiti haoni aibu kuandika 'sijui'," alisema. "Asiyeweza kuandika hivyo, hata anayoyajua hayatufai. Huu mfuko mtupu ndio unaonifanya niamini hiyo mingine kumi na mmoja."

Kisha akawaonyesha sinki. "Haya, nendeni mkanawe mikono. Mnanuka."