Jina la Mosi

Miaka yote niliyokaa jirani na Mwinjuma hapa Mlali, sikuhitaji saa ya kuniamsha. Kila alfajiri nilimsikia mkewe, Mosi, akimgombeza.

"Mwinjuma! Zamu yetu ya maji inapita, wewe bado unatafuta kofia!"

Kisha walishuka bustanini kumwagilia nyanya. Mosi alitangulia na jembe begani. Mwinjuma alifuata nyuma akijitetea. Milima ya Uluguru ilikuwa bado imejifunika ukungu. Nikikumbuka asubuhi zile, natamani irudi hata moja.

Mwaka jana Mosi aliugua, akafariki. Tulimzika, watu wakatawanyika. Hapo ndipo tulipokosea.

Binti yao, Maimuna, alifungasha kanga za mama yake, kikombe chake na jembe lake. Mimi nilivificha nyumbani kwangu. Tulitaka Mwinjuma asahau upesi. Tukakubaliana jina la Mosi lisitajwe mbele yake.

Siku moja aliniambia, "Twalibu, Mosi angekuwepo leo..."

Nilimkatiza. "Jikaze, mwenzangu. Wewe ni mwanamume. Mvua unaionaje?"

Hakujaribu tena. Miezi miwili ilipita. Nyanya zilikauka. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Usingizi ulimpotea. Wengine walisema amerogwa.

Asubuhi moja Maimuna alinijia mbio. "Baba mdogo, baba anasema hataki kuiona masika ijayo!"

Tulikwenda moja kwa moja zahanati. Muuguzi wa pale, Mercy, amesomea pia unasihi. Hiyo ni kazi ya kumsikiliza mtu aliyelemewa moyoni na kumsaidia apate njia. Alifuatana nasi, tukamweleza yote njiani. Mercy ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu Waluguru.

"Shikamoo, mtani," alisema mlangoni.

"Marahaba," alijibu Mwinjuma bila kuinua kichwa.

"Nimetembea juani, hata maji hunipi? Waluguru mna roho ngumu!"

Mwinjuma alimtazama. "Wanyamwezi si mmezoea kubeba mizigo? Jibebee maji mwenyewe."

Nilishangaa. Huo ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba.

Mercy alicheka, akaketi karibu naye. Kisha akasema taratibu, "Mzee, nakuuliza waziwazi. Umefikiria kujiua?"

Nilishtuka. Mwinjuma alivua kofia.

"Kujiua, hapana. Ila nalala nikiomba nisiamke."

"Asante kwa kuniambia," alisema Mercy. Akatugeukia. "Kumuuliza mtu hivyo hakumwingizii wazo baya. Kunampa nafasi ya kusema. Angejibu ndiyo, tusingemwacha peke yake hata kidogo. Tungempeleka hospitali leo hii."

Kisha akamuuliza, "Mosi alikuwa mtu wa namna gani?"

Maimuna alimkonyeza Mercy anyamaze. Lakini Mwinjuma alikwisha kuanza.

"Mbishi! Tulijuana kwenye mfereji. Nilifungulia maji siku ya zamu ya kwao. Akaja, akanizibia mfereji kwa matope, kisha akanipaka mengine shavuni!" Alicheka. Kicheko kikageuka kilio.

"Baba, usilie," alisema Maimuna.

"Mwache alie," alisema Mercy. "Mlificha jina la Mosi, mkadhani mmeficha huzuni. Mmemwacha aibebe peke yake."

Mwinjuma alinitazama. "Twalibu, nilidhani mmemsahau."

Nilikwenda nyumbani kwangu nikarudi na mzigo mzima. Nikamkabidhi. "Nisamehe, mwenzangu."

Kabla ya kuondoka, Mercy alimwelekeza. Atoke nje kila asubuhi apate jua na atembee hadi kwenye mfereji. Ale hata kidogo, ila kwa wakati. Alime tuta moja tu kwanza. Asikae siku nzima bila kuongea na mtu. Naye Mercy angeonana naye kila wiki.

"Hali ikizidi, au ukitamani tena kufa, usingoje wiki iishe. Njoo siku hiyohiyo," alisema. "Mjini wapo madaktari wa afya ya akili. Dawa zikihitajika utapewa, na si aibu. Huzuni ikizidi hivi huwa ugonjwa, kama malaria."

Kazi haikuwa rahisi. Siku nyingine Mwinjuma alikataa kutoka. Nilikaa naye kizingitini, nikamsikiliza. Tulimtaja Mosi, tukacheka. Tuta moja likawa mawili. Usingizi ulirudi polepole.

Mvua za masika zilipoanza, aliniomba nimsindikize Morogoro mjini kununua buti za mvua. Muuzaji, Hafidhi, alimletea jozi nyepesi.

"Hizi zitakutosha msimu huu, mzee."

"Msimu mmoja nitaufanyia nini? Lete zile nene."

Hafidhi alicheka. "Hizo mzee utawarithisha wajukuu!"

Mwinjuma alikwisha kuketi, ameingiza mguu.

"Wajukuu wanunue zao," alisema. "Hizi nitazichakaza mwenyewe."