Uzito Juu ya Shokapu

Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, nilifika nyumbani kwa Fideli Minani, Mugoma, nikiwa na sili mbili mpya, raba za kuzuia mafuta yasivuje, za shokapu za mbele za pikipiki. Alikuwa amenipigia simu asubuhi nimnunulie Ngara mjini. Alisisitiza jambo moja: nisimwambie muuzaji zinakwenda kwa nani.

Mimi ni mwandishi wa redio. Fideli ni dereva wa bodaboda, nilisoma naye darasa moja. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, amechuchumaa kando ya pikipiki isiyo na gurudumu la mbele. Injini ilikuwa imeegemezwa juu ya kreti ya bia. Miguu miwili ya shokapu ilikuwa imelazwa kwenye gunia.

"Mwandishi," alisema. "Usije ukanitangaza kwenye taarifa ya habari."

"Nitangaze nini? Dereva amegonga mbuzi?"

Hakucheka. "Shimo."

Alichukua bomba la shokapu ya kulia, akaliviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Bomba lililonyooka hutembea kimya. Hili liligonga kioo. Tak. Tak. Tak. Akalibana katikati ya mawe mawili, akalisukuma kwa jeki ya gari, polepole, kisha akaliviringisha tena. Alirudia hivyo mpaka kioo kikanyamaza.

"Nililinyoosha Jumapili," alisema. "Nikalinyoosha jana. Kila asubuhi nalikuta limepinda palepale."

"Si ungelipeleka kwa fundi?"

"Fundi ana maswali."

Nimpaye, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa akiangalia pikipiki, si sisi.

Tulipachika sili, tukamimina mafuta sawasawa kila mguu kwa chupa ya soda, tukarudisha springi, tukafunga gurudumu. Tukaondoa kreti. Fideli alishika breki ya mbele na kukandamiza usukani. Shokapu zikashuka, zikapanda. Fsss. Fsss.

"Imepona," nilisema.

"Subiri," alinong'ona.

Jua lilikuwa limezama nyuma ya kilima. Fideli aliachia usukani, akarudi nyuma. Nami nikarudi, bila kujua kwa nini.

Harufu ilitangulia. Tumbaku ya kiko. Pale hapakuwa na mvutaji.

Kisha...

Fsss.

Pikipiki ilishuka mbele. Ilishuka taratibu, kama inavyoshuka pale mtu mzima anapokaa juu ya tangi, kwa uangalifu, akikusanya nguo zake.

Ikabaki chini.

Nilikagua gurudumu. Lilikuwa na upepo. Nikapapasa chini ya shokapu. Hakuna mafuta yaliyovuja. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikauvuta juu. Haukuinuka.

Ukageuka mikononi mwangu. Upande wa barabara.

Nikauachia.

"Shemeji," nilimwita Nimpaye. "Umewahi kuliona hili?"

"Kila jioni, tangu Jumamosi."

"Ni nani anakaa pale?"

"Muulize mume wangu."

"Nakuuliza wewe. Nitajie jina tu."

Aliinamisha macho. "Hilo jina mimi silitamki, shemeji. Si kwa kuogopa. Si unajua kwetu?"

Nilichelewa kidogo kuelewa. Nimpaye anatoka katika familia zilizohamia kutoka Burundi. Kwao, mke halitamki jina la mama aliyemzaa mumewe.

Nikamgeukia Fideli. "Mama Auleria yuko wapi?"

Alichukua tambara, akaanza kufuta mikono.

Mama yake aliishi peke yake Nyakahura, wilaya ya jirani. Ng'ombe wa jirani zake walikuwa wamekufa mfululizo, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Hayo yalitosha watu kumwita mchawi. Ijumaa aliazima simu akampigia mwanawe: njoo unichukue.

"Nilikwenda Jumamosi," Fideli alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Nikampakia na mzigo wake. Tukakaribia soko. Madereva wenzangu wamejaa pale. Hujui wanavyonisema. 'Fideli, pikipiki ya nini? Si upande ungo wa mama yako?'"

"Ukafanya nini?"

"Nikamshusha kabla ya soko. Nikamwambia, mama, kaa hapa, naenda kuweka petroli."

"Halafu?"

Alijifunika uso kwa lile tambara.

"Sikurudi."

Nimpaye alikuwa amesogea karibu.

"Mteremko wa mbele tu," Fideli aliendelea, "barabara safi, hakuna shimo... mbele pakashuka. Kama amekaa mtu. Nikaanguka. Pikipiki ikaja hapa juu ya lori."

"Siku zote hizi hukumtuma mtu?"

"Nimtume nani, Laurian? Nimwambie nini? Kwamba nilimwonea haya mama yangu?"

"Kesho tutamfuata," nilisema.

"Sema wewe," Nimpaye alimwambia mumewe. "Na usimwambie shemeji. Mwambie pale."

Alielekeza kidole kwenye pikipiki.

Fideli alisimama mbele ya taa. "Mama... nakuja."

Fsss.

Pikipiki ikapanda. Harufu ya tumbaku ikatoweka.

Asubuhi bomba halikuwa limepinda. Tuliondoka mapema, yeye kwenye pikipiki yake, mimi kwenye ya kazini.

Kabla ya soko la Nyakahura, kando ya barabara, mwanamke anayeitwa Priscila huchoma ndizi. Nilimuuliza kama amemwona bibi mmoja mwenye mzigo. Alielekeza kwa koleo, bila kugeuka.

"Si yule? Yuko pale tangu Jumamosi. Hali, hanywi, hainuki. Ukimuuliza, anasema mwanawe ameenda kuweka petroli."

"Na jana jioni alikuwa hapa?"

"Kaka, nimekwambia hainuki."

Auleria alikuwa amekaa juu ya furushi lake, kiko mkononi, kimezimika. Kitenge chake kilikuwa safi, bila vumbi la siku zote hizo.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba."

Fideli alipiga magoti kwenye vumbi. Mama yake alimtazama.

"Petroli umepata?" aliuliza.

"Nimepata, mama."

"Haya. Twende."

Nilifunga furushi kwenye pikipiki yangu. Kisha nilichuchumaa kando ya pikipiki ya Fideli, macho kwenye springi za nyuma, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu mwenyewe. Fideli alikaa. Springi zikashuka kwa uzito wake. Auleria akapanda nyuma. Nilimwona akipandisha mguu, akakaa, akamshika mwanawe mabega.

Springi hazikushuka hata kidogo.

Fideli aligeuza shingo, akanitazama mimi, si mama yake. Nilijua kwamba naye hakuhisi uzito wowote nyuma yake.

Saa tatu asubuhi, Jumatano, aliwasha pikipiki na kupita naye katikati ya soko, taratibu, mbele ya wenzake wote.