Watu Wasio na Nyuso

Siku ile mjinga alikuwa Kipanga. Tuseme mapema, ili mtu asije akamtafuta mwingine wa kumlaumu njiani.

Jina la Kipanga alipewa uwanjani, maana alikuwa golikipa aliyeuona mpira kabla mpigaji hajaamua pa kuupiga. Alikuwa na miaka kumi na miwili, magoti yenye makovu, na dada mkubwa anayesomea upimaji wa macho. Mwenye dada wa namna hiyo hapumziki. Chai haijapoa, tayari ameshikwa kidevu.

"Fuata ncha ya kalamu. Usigeuze kichwa, geuza macho."

Kalamu ilipanda, ikashuka, ikaenda kulia na kushoto, kisha ikamjia puani mpaka macho yake yakakodoleana kama majirani waliogombana. Dada akiosha vyombo, alikariri sehemu za jicho kwa kuimba. Akikaa, alimpima mtu kwa rula umbali kati ya mboni na mboni. Mama yao, aliyekuwa mshonaji, alipimwa hivyo huku sindano ikiwa mdomoni.

"Nyumba hii hata kuku wameshapimwa," Mama alisema. "Jogoo peke yake ndiye aliyekataa, na ndiye mwenye akili."

Mwisho wa korido ya nyumba yao Dada alibandika chati ya herufi, kubwa juu na ndogo chini, sawasawa na ile ya chuoni kwao. Kila jioni Kipanga alisimama upande wa pili, akaziba jicho moja kwa kiganja, akateremka na herufi mpaka mstari wa mwisho bila kukwama.

"Ndiyo maana wanakuita Kipanga," Dada alisema kwa furaha.

Hakujua kwamba mchana mmoja, yeye akiwa chuoni, Kipanga alisimama mbele ya chati ile, pua ikikaribia kugusa karatasi, akaikariri yote kama ngonjera.

Alikuwa na sababu. Watu walikuwa wakipoteza nyuso.

Jambo hilo lilianzia barabarani, alipokuwa akitoka shule. Mwanamke aliyesimama ng'ambo alimpungia mkono, na juu ya shingo yake palikuwa na duara tupu, laini, kama unga uliopanguswa kwa kiganja. Hapakuwa na macho wala mdomo. Kisha lile duara likamwita, kwa sauti ya mama yake. Kipanga alisogea hatua kwa hatua, na uso wa Mama ukajitokeza polepole, kama kitu kinachoelea kutoka chini ya maji.

"Mbona unanitazama kama mdai?" Mama aliuliza.

"Jua, Mama."

Tangu siku hiyo aliwaona kila mahali. Walisimama mbele ya maduka. Walikaa kwenye ngazi za shule. Mmoja alisimama chini ya nguzo ya umeme kila asubuhi, akimwelekea, asisogee. Hata uwanjani zilikuja jezi zinazokimbia, zenye vichwa visivyo na mtu ndani. Mipira ilianza kumpita, naye akalilaumu jua, hata siku za mawingu.

Mwishowe alimwuliza rafiki yake Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimwi.

"Mtu akiona watu wasio na nyuso, maana yake nini?"

"Wanamtafuta," Redio alijibu, mdomo umejaa andazi. "Wao hawana, kwa hiyo wanatafuta wa kumnyang'anya."

"Nani kakwambia?"

"Kwani hilo linataka kuambiwa?"

Basi Kipanga akaanza kutembea kichwa chini. Angemwambia Dada, lakini aliona njia inakoelekea: akikiri kuwa haoni herufi, ataulizwa na kingine asichokiona, na hapo nyuso zitatajwa. Jambo likitajwa huwa kweli. Afadhali kukariri.

Ndipo Dada akaja na habari yake.

"Kesho nina mtihani wa vitendo. Kila mmoja wetu anampima mtoto wa shule mbele ya mkufunzi. Nikikosea namba, narudia mwaka mzima. Nimekuchagua wewe, macho yako nayajua kuliko yangu. Usiniangushe, mdogo wangu."

"Nimewahi kukuangusha?" Kipanga akasema, akiitupia jicho chati mwisho wa korido.

Korido ya chuo ilikuwa ndefu, ikinuka spiriti. Kupitia mlango uliokuwa wazi Kipanga aliona chumba chenye giza mchana kweupe. Wanafunzi walikaa wawili wawili, pua zikikaribiana, kila mmoja ameshika kitaa kidogo na kuchungulia ndani ya jicho la mwenzake, kimya, kama mtu anayechungulia nyumba kwa tundu la ufunguo. Kwenye rafu ya karibu na mlango vilipangwa vichwa vya plastiki vyenye jicho moja moja.

"Hivyo vya nini?" alinong'ona.

"Vya kufanyia mazoezi kabla ya kugusa watu. Havilalamiki kama wewe. Ngoja hapa nibishe hodi."

Dada akaingia mlango wa pili. Kipanga akabaki peke yake, akainua kichwa.

Mwisho wa korido alisimama mtu. Mrefu, mwembamba, mavazi meupe mpaka magotini. Hakuwa na uso.

Kipanga alifanya alichofundishwa kumfanyia kila mtu mzima.

"Shikamoo."

Hakujibiwa. Taa ya juu ilipepesa, na yule mtu akayumba kidogo, kama anayecheka bila sauti. Mtu mzima asiyeitikia shikamoo ama ana hasira, ama si mtu. Kipanga hakungoja kujua. Aliruka ndani ya chumba cha mtihani na kukaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Mkufunzi alikuwa mama mfupi mwenye viatu visivyotoa mlio. Ulimjua yuko nyuma yako kwa pumzi tu. Alizima taa. Pale mbele, mbali, kikabaki kisanduku kinachowaka, chenye weupe wa maziwa. Hiyo ndiyo chati.

"Anza na taa," alisema.

Dada aliinua kifaa chake, na mstari mwembamba wa mwanga ukapita juu ya jicho la Kipanga, ukarudi, ukapita tena.

"Unaona nini?" Mkufunzi alimwuliza.

"Kivuli ndani ya mboni, Mwalimu. Mwanga ukienda kulia, chenyewe kinakwenda kushoto."

Kipanga aliganda. Kumbe mmoja alikuwa ameshaingia ndani.

Dada aliweka lenzi moja mbele ya jicho, akaibadilisha, akaweka nyingine, mpaka kivuli kikatulia. Akarudia jicho la pili. Akaandika namba, akaitazama kwa mshangao.

"Namba hii ni ya mtoto asiyeona mbali," alisema taratibu.

"Msomeshe chati tuone."

Kipanga alisoma. Juu mpaka chini, jicho la kulia na la kushoto, mstari wa mwisho akaumaliza kama anayeteremka ngazi za kwao.

Mkufunzi aliitazama tena namba ya Dada.

"Taa yako inasema haoni," Mkufunzi alisema. "Yeye anasoma. Basi kati yenu mmoja amekosea. Ni nani?"

Dada alikuwa karibu kiasi kwamba Kipanga aliuona uso wake vizuri, hata jasho juu ya mdomo. Aliiona kalamu ikitetemeka, ikashuka kwenye ile namba ili iifute.

"Labda ni mimi, Mwalimu," Dada alisema. "Macho yake nayajua."

Hapo Kipanga angesema. Badala yake akashika kiti kwa mikono miwili.

"Usifute kwanza," Mkufunzi alisema. Hatua zake hazikusikika, ila mbele kule kitu kililia *tak*. "Haya, mjukuu wangu. Mstari wa mwisho, mara moja tu."

Kipanga akakaza macho kwenye ule weupe na kusoma, herufi kwa herufi.

Hakuna aliyempongeza.

"Nenda ukaniguse herufi ya kwanza."

Akainuka. Alijua vitu hujitokeza ukivisogelea, hata nyuso hurudi. Akasogea, akangoja herufi zije. Hazikuja. Akasogea mpaka taa ikampiga usoni na kioo kikagusa kidole chake. Weupe mtupu. Chati yenyewe ilikuwa mkononi mwa Mkufunzi, aliyeichomoa ulipolia ule *tak*.

"Umesoma sahani isiyo na chakula," alisema. "Tena umeshiba."

Kipanga akalia, na kwa kuwa machozi hayaji peke yake, yakaja yote: kukariri, mipira, Mama asiye na uso, mtu wa kwenye nguzo, yule wa koridoni asiyeitikia shikamoo, kivuli kilichoingia ndani ya jicho.

Mkufunzi hakucheka. Aliwasha taa, akavuta kiti.

"Kivuli hicho kimo hata kwangu. Kila jicho likipigwa na mwanga ule hukitoa. Kinavyotembea ndivyo tunavyojua linataka lenzi gani. Na hao watu, mjukuu wangu, nyuso zao wanazo. Jicho lako limeacha kuzifikia, basi. Kupungukiwa macho hakuna aibu, ni kama kupungukiwa na urefu wa mkono. Lakini ukimdanganya anayekupima, unajifungia kizani mwenyewe, kisha unamwogopa kila aliyebaki nje." Akamgeukia Dada. "Na wewe, namba yako ilikuwa sahihi, ukataka kuifuta kwa sababu ya mapenzi. Mtu hukariri herufi. Jicho halikariri. Umefaulu, ila alama za kalamu iliyotetemeka nazikata."

"Ndiyo, Mwalimu," Dada alisema, na hapo ndipo alipopumua.

Alimvalisha Kipanga fremu nzito ya majaribio, akatumbukiza lenzi zake mbili. Kipanga alifungua mlango, akachungulia mwisho wa korido.

Yule mtu alikuwepo bado. Alikuwa koti jeupe la maabara, limetundikwa kwenye msumari juu ya fagio, likiyumbishwa na upepo wa dirishani.

Miwani ilipokuwa tayari, aliivaa njia nzima, akisoma mabango yote kwa sauti mpaka Dada akamwomba anyamaze. Chini ya nguzo ya umeme palikuwa na pipa la taka, gunia limelalia juu. Lakini walipokaribia uwanja na sauti ya Redio ikasikika, aliivua haraka na kuisukumiza mfukoni. Mama, aliyekwisha kusimuliwa yote na Dada, aliona kutoka mlangoni mwa nyumba yao.

"Irudishe usoni."

"Nitavaa shuleni, Mama. Uwanjani watanicheka."

"Uwanjani ndiko unakofungwa magoli."

"Lakini Mama, wewe fikiria tu," Kipanga akasema, mikono kiunoni. "Kipanga gani duniani anavaa miwani?"

"Yule aliyechoka kuliamkia koti," Mama alisema, akaitunga sindano yake.