Karatasi ya Mwisho ya Bi Siti

Anayesimulia hadithi hii hajawahi kukosea katika mambo ya mapenzi. Akiwaona wawili wamesimama pamoja, anajua nani atalia na lini. Amekosea kwa waume zake tu, wote watatu, na mara ya nne ni hii ya Kuruthumu, maana mtaa mzima ulishajua, yeye msimulizi bado anauliza kuna nini.

Ilianza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile saa ambayo Kariakoo mtu hatembei, anasukumwa. Kuruthumu alisukumwa mpaka kwenye kibaraza cha Bi Siti, karibu na Mtaa wa Kongo, kitabu mkononi, dera lake la zambarau limekanyagwa pindo.

Bi Siti ni mkongwe anayeazimisha vitabu vya hadithi, na ana sheria mbili. Ya kwanza, kila kitabu kinatoka bila karatasi yake ya mwisho. Karatasi hizo anakaa nazo mwenyewe, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ukitaka kujua mwisho, rudisha kitabu, upewe karatasi, uisome palepale umesimama, uirudishe. Hajapoteza kitabu tangu alipobuni ujanja huo. Sheria ya pili ni daftari. Kila kitabu kina ukurasa wake humo, na msomaji haazimi kingine mpaka aandike maoni yake juu ya alichosoma.

Kitabu cha Kuruthumu kilikuwa *Ukuta wa Nuru na Kiza*. Ni habari ya nchi mbili, moja haina usiku, nyingine haina mchana, katikati ukuta. Binti wa nchi ya jua anaongea na kijana wa nchi ya kiza kupitia tundu dogo kama la sindano ya magunia. Atakayevuka hataona tena, kwa sababu macho yake hayakuumbiwa upande ule.

Basi Kuruthumu alikuwa amesimama na karatasi ya mwisho, machozi yanamtoka, mtu nyuma yake akasema, "Samahani dada, mimi ndiye niliyekukanyaga. Na pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Naona unalia."

"Vumbi hilo."

Alikuwa mwanamume mrefu, kizibao cha njano cha bandarini begani, viatu vizito vya kazi, macho mekundu ya mtu anayelala mchana. Alikitazama kile kitabu kama anayekipima uzito. "Wanaungana?" akauliza. "Maana vya watu kuachana sisomi. Vya kuachana ninavyo nyumbani."

Kwenye ile karatasi tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo, na binti ametundika taa ukutani ambayo hakuna atakayeiona. Kuruthumu alimtazama yule mtu, akajikuta hana moyo wa kumwambia ukweli.

"Wanaungana," akasema. "Kijana anavuka."

Yule mtu akakichukua kitabu. Jina lake Bakili, mtu wa Lindi, karani wa kuhesabu makontena zamu ya usiku. Akaomba namba ya simu, eti akikwama mahali aulize. Kuruthumu akamwambia kitabu ni cha Kiswahili, atakwama wapi? Bakili akajibu kwamba watu wa kusini wanakwama popote penye mtu wa kuwakwamua. Namba akapewa. Akapewa na zipu nyekundu ya kuwekea alama, kwa kuwa Kuruthumu anauza zipu, vifungo na uzi, na mkobani mwake hakosi zipu. Kwa pilikapilika hizo akasahau kuandika maoni yake, na Bi Siti, ambaye hasamehe mtu, siku hiyo alijifanya anatafuta miwani.

Hapo tuseme kidogo habari za chumba cha Kuruthumu, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Mumewe, marehemu Uledi, alifariki miaka mitano iliyopita. Chumba kina kitanda, cherehani na vikombe viwili, kwa sababu dukani vikombe haviuzwi kimoja kimoja. Kimoja anakunywea chai. Cha pili kina pini. Jioni akifunga duka hurudi, huwasha redio asiyoisikiliza, hula ugali wa mtu mmoja, ambao wapishi wote wanajua hauivi vizuri. Ugali unataka watu. Siku nyingine hupita kutwa nzima asiseme neno lisilohusu zipu. Ndiyo maana alikuwa anaazima vitabu.

Sasa simu ikaanza kulia, kila siku saa kumi na mbili jioni, yeye anafunga duka, Bakili anavaa viatu kwenda zamu.

"Haya Jua, umeamkaje?"

"Umeamka wewe, Kiza. Mimi naenda kulala. Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa nane."

"Jana ulikuwa wa saba."

"Nasoma kwa adabu. Kitabu si wali wa shughuli, wa kunyang'anyana."

Ukurasa mmoja kwa siku, naye Bakili humhadithia ulivyokwenda. Wakabishana nani ahame, binti au kijana. Wakabishana kama nchi isiyo na usiku watu wanafunga saumu vipi. Jumapili mbili alikuja dukani amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, akanunua vifungo vinne asivyovihitaji, akaondoka. Mwezi wa tatu wa simu hizo Kuruthumu alimwaga pini kwenye kopo la siagi, akaosha kile kikombe cha pili, akakigeuza kwenye kitambaa kikauke. Hakumwambia mtu.

Kurasa zikaendelea. Tisini, mia, mia na kumi. Huko mbele mambo yalianza kuwa ya ajabu kidogo. Binti wa nchi ya jua akafungua duka la vifungo. Kijana wa kiza akapenda vitumbua. Kuruthumu alikisoma kile kitabu mara moja tu, tena kwa pupa, akadhani sehemu hizo alizisoma anasinzia.

Siku Bakili alipofika ukurasa wa mia na kumi na nane, Kuruthumu alipita saluni kwa Celina kusukwa. Celina, msusi mwenye mdomo usiokaa na siri hata moja, alikuwa amekaa kitini, kichwa chini, anasoma. Alipomwona mteja akaruka, akasokomeza kitabu ndani ya aproni. Lakini alama ikaning'inia nje. Zipu nyekundu.

"Kitabu gani hicho?" Kuruthumu akauliza.

"Kitabu gani?" Celina akauliza naye.

"Hicho tumboni."

"Hiki? Cha mahesabu ya saluni."

Kuruthumu hakusukwa siku hiyo. Alitoka na nywele zimefumuliwa upande mmoja, mtandio kichwani, akaenda kukaa dukani anahesabu vifungo vilivyokwisha kuhesabiwa. Saa kumi na mbili simu ikalia.

"Jua wangu."

"Kitabu kiko wapi, Bakili?"

"Kipo hapa. Chini ya mto wangu. Leo nimefika..."

Kuruthumu akakata simu. Uongo mwingine mtu anaweza kuumeza na maji. Huu ulikuwa na zipu yake mwenyewe.

Jioni hiyo alirudisha pini kwenye kikombe. Zilikuwa nyingi kuliko alivyokumbuka.

Wiki tatu. Kila saa kumi na mbili simu ililia mara moja, ikanyamaza, kama mtu anayebisha hodi mlango ambao anajua hautafunguliwa. Kuruthumu aliiacha juu ya meza ya kukatia uzi, akaitazama ikitetemeka. Majirani walimwona anapita Mtaa wa Swahili na mfuko wa nyanya mbili, kitunguu kimoja. Celina alimwamkia, hakuitika. Goodluck, mmachinga wa mikanda anayepanga bidhaa zake mbele ya duka lake, alimwuliza, "Mama, mambo?" naye akajibu, "Mambo yako na wenyewe," na siku hizo Goodluck alihamisha mikanda yake mita tatu kando. Redio iliwashwa, ikazungumza peke yake. Chai ilimwagwa nusu.

Kisha ikaja meseji. *Nimepangiwa bandari ya Mtwara. Naondoka Jumatatu. Sijui kosa langu, lakini kama lipo, samahani.* Na Ijumaa, saa kumi na mbili, simu haikulia.

Mtu ambaye hajawahi kungoja simu aliyokataa kuipokea hawezi kuelewa. Kuruthumu alikaa mpaka maduka ya jirani yakashusha milango. Kesho yake, Jumamosi, mchana kweupe, alikwenda kwa Bi Siti kuazima kitabu, chochote, hata cha mifugo.

"Shikamoo Bi Siti."

"Marahaba. Umekonda. Unadaiwa maoni, mwanangu. *Ukuta* hukuuandikia, na huazimi kingine mpaka uandike."

Akamtupia daftari, ukurasa wa *Ukuta* umeshafunguliwa. Kuruthumu akachukua kalamu. Kabla ya kuandika akasoma walioandika, maana nani anaandika maoni bila kuchungulia ya wenzake?

Juu kabisa, mwandiko wa kikarani, tarehe siku mbili tu baada ya ile Jumamosi ya pindo kukanyagwa:

*Nimekisoma chote kwa siku mbili, na karatasi ya mwisho nimeisoma hapa nimesimama. Mwandishi anajua upweke. Nawaomba wasomaji wenzangu mtakaokuja, mama wa zipu asiambiwe kwamba nimemaliza. Nimemwambia nasoma ukurasa mmoja kwa siku. Kikiisha sina sababu ya kupiga simu. Alama yake iacheni humohumo. Bakili, bandarini.*

Chini yake:

*Kitabu kina uongo mwingi. Nchi mbili nzima hakuna mgambo hata mmoja? Ila siri naitunza. Goodluck, mikanda.*

*Mavazi ya binti yameelezwa vizuri, chakula chake hatujaambiwa. Mtu hapendi na njaa. Simwambii. Maimuna, Mtaa wa Swahili.*

*Mwanaume ndiye avuke, sisi tumehama vya kutosha. Bi Siti, mwenyewe kaniona nacho. Nilikificha kwenye aproni kwa kuogopa kuvunja siri, nimevunja kikubwa zaidi. Nimerudisha. Mwambieni, mimi hanisikii. Celina.*

Kuruthumu alisoma ya Celina mara mbili. Nywele za upande ule, ambazo mpaka siku hiyo alikuwa hajazisuka, zikamwasha.

"Bi Siti," akasema, "na wewe ulijua?"

"Mimi najua nini, mwanangu? Kusoma nimeishia la saba." Huku anasema, mkono wake ulikuwa umeshashusha *Ukuta* kutoka kwenye rafu, zipu nyekundu ndani, na bila kuombwa akatoa karatasi ya mwisho kwenye kopo, akaiweka juu yake.

Kuruthumu alikifungua kitabu mwishoni. Ukurasa wa tisini na sita. Ukijumlisha na karatasi ya kopo, tisini na nane. Akahesabu kwa vidole siku za duka la vifungo, siku za vitumbua. Ishirini nzima. Mtu amemaliza kitabu cha watu, akaanza kushona chake, jioni baada ya jioni, amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, ili simu isiishe.

Akapiga. Ililia mara moja tu.

"Jua?"

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Huko sanduku lilisikika likivutwa sakafuni. "Mia na kumi na nane. Nilikuwa nakusubiri."

"Nisomee wa mia na kumi na tisa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Si kipo chini ya mto?"

Bakili akakohoa, kama mtu anayefungua kitabu. Kisha akasoma, polepole, na kwa kuwa Kuruthumu alikuwa ameshika kitabu chenyewe kifuani, kila neno alijua linatoka wapi.

"*Kijana akalijia tundu. Akasema, wamenipangia nchi nyingine, huko kusini. Mimi kiza nimekizoea, siogopi kwenda. Naogopa kwenda mahali ambapo saa kumi na mbili haina mtu. Hata kusini watu wanavaa nguo, na nguo zinataka zipu. Nitume mshenga kwa nani, kwa kaka yako au kwa mjomba? Nikivuka nisione tena, sawa. Sauti yako naijua.*"

Watu walikuwa wanasukumana kibarazani. Kuruthumu akajibana kwenye rafu ya vitabu.

"Nchi ya kiza kuna washenga?" akauliza.

"Wapo. Wanatembea na taa."

"Na binti akajibu nini?"

"Ukurasa umeishia hapo. Jibu liko wa mia na ishirini."

"Bakili. Kitabu nimekishika mimi. Kinaishia tisini na sita."

Lori likapita huko alikokuwa, likapita lote, na mkia wake.

"Najua," akasema Bakili. "Na karatasi ya mwisho nimeisoma, siku ya pili tu. Uliniambia kijana anavuka."

Ile karatasi ilikuwa vidoleni mwa Kuruthumu, tundu limezibwa, taa imetundikwa, na yeye ameanza kuikunja bila kujijua. Bi Siti, ambaye hakuwa anasikiliza hata kidogo, akamwambia asiikunje, kuna wenzake wanaisubiri, na amwambie huyo bwana mshenga aende Ilala, anakokaa kaka yake Kuruthumu.