Mwiko wa Mama Emmanuella

Siku ile uani walikuwapo Georgette, mume wake Germain, Alphonse fundi wa magari, na Hélène jirani yao. Walikuwapo pia watoto wawili: Jenny wa Georgette, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na Emmanuella wa Hélène, aliyefungwa mgongoni mwa mama yake, akikohoa. Hakuwapo mwingine. Georgette akisimulia habari hii huwataja hao kwanza, ili anayesikiliza ajue kwamba hapakuwa na mlozi wala mganga pale. Palikuwa na watu waliopendana, na lori bovu.

Ilikuwa Likasi, mwaka 1993, majira ya baridi na vumbi jekundu. Mishahara ilikuwa imekoma, na familia ile iliishi kwa lori la Germain lililokuwa likileta samaki kutoka ziwa Tshangalele. Lakini lori lilikuwa limeanza kutoa moshi mweusi na kukata pumzi kwenye vilima vidogo. Alphonse alisema mafuta machafu ya barabarani yameacha masizi ndani ya injini, yakaganda. Basi wakaifungua pale pale uani. Wakakitoa kichwa cha injini na kukilaza juu ya mlango mkuukuu, na pistoni zikaonekana chini, nyeusi, zimevaa ganda nene.

"Kisu hapana," Alphonse alisema Germain alipoinama na kisu. "Chuma itakwaruza pistoni. Munitafutie muti mugumu."

Hélène alikuwa amesimama kwenye ua wa matete uliotenga nyumba zao. Aliingia kwake, akarudi na mwiko wake wa kusongea bukari, ugali wa kule.

"Kamata hii, ba Alphonse."

"Na bukari utasonga na nini, mama?"

"Na mukono. Bwana yangu atakula na vidole ndani, atazoea."

Wakacheka. Alphonse aliuchonga mwiko ncha ikawa bapa na kali, ila pembe moja ilimeguka kidogo. Alipaka grisi kuzunguka kila pistoni ili vumbi la masizi linase pale, akaziba matundu kwa vitambaa vilivyolowa petroli. Hélène alimtazama kwa muda, kisha akamnyang'anya mwiko.

"Lete. Haya ni makoko ya sufuria tu. Mwanamuke gani anashindwa na makoko?"

Akainama, akakwangua. Krr, krr, krr. Kwa sababu ya ile pembe iliyomeguka, kila mkwaruzo wake uliacha mstari mmoja mwembamba mweusi, kama unywele.

Alikuwa na haraka yake. Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, warudi kwao, hata wale waliozaliwa Likasi na hawakujua kwingine. Hélène alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyembeba Jenny usiku na mchana Georgette alipougua malaria, na sasa vijana walipita mbele ya mlango wake wakimtukana. Mume wake, Philippe, alikuwa analala kituo cha reli kati ya mamia ya watu, akilinda nafasi yao ya treni. Mabehewa yenyewe yalikuwa ya wazi, ya kubebea mizigo, na Emmanuella alikuwa na kifua kibaya.

Germain alikuwa ameshampa Hélène neno lake: "Huyu mutoto hataenda mu wagon, mama. Mutaingia na minye mu cabine, kando yangu, kwenye joto, mpaka Kamina."

Jua lilipokuwa linashuka, Alphonse aliinua joint, lile bamba jembamba linalokaa kati ya injini na kichwa chake. Lilikuwa limechanika. Likasi nzima hapakuwa na jingine, na bila hilo injini haifungwi. Alimwonyesha Germain, akiwa amempa Hélène mgongo. Georgette, aliyesimama kando yao, aliuona ule mpasuko.

"Inabakia nini sasa?" Hélène aliuliza. Alikuwa mweusi mpaka kwenye viwiko, anatabasamu.

Germain alimtazama mtoto mgongoni.

"Kidogo tu, mama. Inabakia ile pistoni ya mwisho. Ikitakata, tunaenda."

Ulikuwa uongo. Georgette alijua. Aliupokea kama wema, kwa sababu ndivyo ulivyosemwa.

Usiku ule ule, Hélène akifunga mizigo kwake, Alphonse aliipangusa pistoni ya mwisho kwa petroli mpaka ikatakata, bila mstari hata mmoja. Siku chache baadaye Philippe alikuja mbio. Kituoni wameita majina yao, na wasipopanda leo watangoja miezi. Georgette aliusugua mwiko kwa majivu mpaka ukatakata, akamrudishia Hélène langoni. Hélène aliushika kifuani.

"Pistoni ya mwisho haijaisha?" aliuliza.

"Bado kidogo," Georgette alisema.

"Ningebakia siku moja, ningeimaliza minye mwenyewe." Akaondoka. Walimsikia mtoto akikohoa mpaka kona ya barabara.

Habari ilirudi na mfanyakazi mmoja wa reli ambaye Philippe alimtuma. Alisimama langoni, kofia mkononi. Mtoto alikufa kwa baridi ndani ya behewa, kabla ya Luena. Mama naye alikufa kabla ya kituo kilichofuata. Wamezikwa pamoja kando ya reli, karibu na tangi la zamani la maji. Mwiko ulikuwa mkononi mwa mama, na hawakuweza kumfungua vidole. Wakamzika nao.

Georgette alimpa maji yule mtu. Alikunywa, akashukuru, akakaa naye mpaka jua likashuka ingawa alikuwa na kazi yake. Georgette hajausahau wema huo.

Joint ilipatikana Lubumbashi baada ya majuma kadhaa. Alphonse akaifunga injini, na Germain akawasha lori. Likaitika mara moja. Moshi haukutoka hata kidogo. Alphonse alikwenda nyuma, akaweka kiganja kwenye bomba, akakitazama. Kilikuwa kisafi.

"Haiwezekane," alisema. "Na mazout hii, mafuta chafu hivi?"

Germain alilipeleka langoni. Lilipofika langoni, likazimika. Akaliwasha, likaitika. Likasogea, likazimika pale pale. Wakalisukuma kurudi uani, nalo likawaka vizuri kama jipya. Ikawa hivyo kila siku. Ndani ya ua liliimba. Langoni lilikufa.

Kisha sauti ikaanza.

Ilikuja saa ya bukari, mchana, jua kali, watu wote wako ndani wanakula. Krr, krr, krr. Georgette aliacha tonge mkononi. Germain aliacha kutafuna. Hawakuangaliana. Georgette alitoka.

Uani hapakuwa na mtu. Boneti ilikuwa imefungwa. Kwenye gunia lililotandikwa kando ya gurudumu la mbele palikuwa na rundo dogo la masizi. Akaligusa. Lilikuwa na joto.

Kesho yake, tena. Kesho kutwa, tena. Kila mchana rundo jipya. Majirani walianza kusema kwamba Germain amefuga kitu. Lori gani halitoi moshi? Wakaacha kuja kuomba moto.

Mchana mmoja Jenny alikuwa mlangoni, amesimama kwa kushika fremu. Sauti ilianza. Mtoto akageukia lori. Akacheka. Akainua mikono yote miwili, kama afanyavyo akitaka kubebwa na mtu anayempenda.

Kikohozi kikasikika. Kidogo. Cha kifuani.

Hakikuwa cha Jenny.

Alphonse aliitwa afungue injini tena. Alilegeza nati taratibu, kama mtu anayefungua nyumba yenye mgonjwa. Kichwa kilipoinuka, wote watatu waliinama. Pistoni ziling'aa. Ile ya mwisho iling'aa kuliko zote, na juu yake ulikuwapo mstari mmoja mwembamba mweusi, kama unywele. Kisha mwingine kando yake. Na mwingine.

Alphonse alivua kofia.

"Hii ni mukono yake," alinong'ona. "Ile mwiko."

Germain alikaa chini, kwenye vumbi. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Georgette hakuwa amewahi kumwona hivyo.

"Minye nilimudanganya," alisema. "Nilimwambia inabakia pistoni. Ni joint ilikuwa imepasuka. Yeye iko anakwangua, Mama Jenny. Iko anakwangua kwa bure."

Hapo Georgette aliacha kuogopa, au aliogopa kwa namna nyingine. Hélène hakuja kumdhuru mtu. Aliambiwa kazi haijaisha, akarudi kuimaliza, na mtoto mgongoni.

"Funga moteri, ba Alphonse," alisema. "Tunaenda."

Mchana uliofuata injini ilikuwa tayari. Georgette alimwacha Jenny kwa mke wa Alphonse. Alipanda, akajisogeza katikati karibu na Germain, akaacha nafasi ya dirishani. Mlango aliuacha wazi. Ilikuwa saa ya bukari. Barabara yote kimya.

Krr, krr.

"Mama Emmanuella," Georgette alisema kwa sauti ya chini. "Imeisha. Pistoni imetakata. Ilikuwa imetakata siku ile ile, ni siye hatukukuambia. Utusamehe. Ingia, mutoto asipate baridi."

Sauti ilikoma.

Hakuna kilichotikisika. Kisha spring za kiti zikalia. Kiti kikashuka upande wa dirisha, taratibu, kama kinavyoshuka mtu akikaa na mtoto. Harufu ya petroli na sabuni ya majivu ikajaa ndani.

Georgette alinyoosha mkono, akafunga mlango. Mkono wake ulipita katikati ya baridi.

Germain aliwasha lori. Langoni alifumba macho. Likapita.

Walisafiri alasiri yote. Barabara ilikuwa mashimo, lakini Germain aliendesha kama amebeba mayai, na hita ya lori aliiacha wazi ingawa jasho lilimtiririka. Baada ya Bunkeya, Georgette alihisi kitu kinaegemea bega lake. Kilikuwa kizito kidogo, kizito kama usingizi. Kikaja na pumzi. Ndani ya pumzi palikuwa na mkwaruzo mdogo wa kifua. Akakaa bila kusogea. Mgongo ulimuuma, mguu ukafa ganzi, hakusogea. Kadiri walivyokwenda, mkwaruzo ule ulipungua. Mwishoni ilibaki pumzi tu.

Jua lilikuwa bado juu ya miti walipoliona tangi la maji, lenye kutu. Kando ya reli palikuwa na udongo ulioinuka na msalaba wa vijiti. Germain alisimamisha lori.

"Tumefika, mama," alisema. "Barabara ya Kamina ni hii. Nilikuahidi."

Bega la Georgette likawa jepesi. Spring zikalia. Kiti kikainuka.

Mlango haukufunguka.

Walishuka wakawaombea wafu wale, wakapanga mawe kuzunguka udongo ule. Walipogeuka kurudi, Germain aliwasha injini, nayo ikakohoa, ikatoa wingu jeusi lililofunika tangi lote.

Nyumbani Georgette alivua kitenge chake. Begani, upande wa dirisha, palikuwa na doa la masizi, dogo, la mviringo, ukubwa wa shavu la mtoto aliyelala. Alilifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Halikutoka. Kitenge hicho anacho mpaka leo, na hakitumii kubebea mtoto.

Lori liliendelea kutoa moshi mweusi kama malori yote ya Likasi, na mwaka uliofuata Germain aliliuza kwa mtu wa Kakanda.