Chungu Kilichoitika Abee

Chungu kizima ukikigonga kwa kifundo cha kidole hulia. Chenye ufa hukohoa. Hilo kila mfinyanzi analijua. Lakini siku ile, mchana kweupe, Nyakerario alipogonga chungu cha kwanza kutoka tanuruni, kiliitika, "Abee."

Akarudia. "Abee." Sauti ndogo ya mtoto wa kike, na harufu ya nta iliyoungua ikampanda puani. Hapo kijijini Kiogoro wengine huitika kwa Kikisii chao. Aliyefundishwa abee ni mmoja tu: Laila, binti wa pekee wa Kaltuma, mjane mwenye kiwanda. Na Laila alikuwa bubu wiki ya pili sasa.

Usimwonee Kaltuma huruma mapema. Udongo mtupu hupasuka motoni, kwa hivyo huchanganywa na vigae vikuukuu vilivyosagwa, na vigae huletwa kwa magunia kutoka vijijini. Gunia moja la kutoka Manga lilikuwa na chungu kizima, mdomo umezibwa kwa nta. Nyakerario, fundi wake wa miaka mingi, alikataa kukisaga.

"Yaya, hapana, mama Laila," alisema kwa sauti ya chini. "Kilichozibwa kina sababu. Na udongo ukiwa mbichi tusimwite mtu jina."

Kwao wafinyanzi hukanyaga udongo kimya. Kaltuma alicheka, akasema hayo ni mambo ya milimani kwao Manga na oda ya hoteli haingoji. Akakiponda mwenyewe, akamwaga unga wake udongoni, akaingia kukanyaga. Kisha akaita, kama alivyozoea kuita mara mia kwa siku, "Laila!" Mtoto akaitika abee kule nje. Tangu hapo hakutamka neno tena. Hospitali walimpima koo wakasema ni zima.

Sasa Kaltuma alikuja mbio, akagonga cha pili, na cha tatu, akapita safu nzima akigonga, na kila alipogonga sauti ya mwanawe ilimwitikia kutoka tumboni mwa udongo, hata alipofika mwisho na kusimama, vile vya nyuma vilikuwa bado vinaitika vyenyewe, abee, abee, bila kuguswa na mtu. Laila alikuwa amesimama mlangoni, kinywa wazi, hana hata mguno.

Maalim Dahir aliletwa kutoka mjini saa ileile. Alisoma, akanusa udongo, akasema jini lililozibwa katika kile chungu cha nta halikuwa na jina wala sauti, likaokota jina la kwanza lililolifikia, na sauti iliyoitika. "Vunja vyote sitini, wewe uliyeita," alimwambia Kaltuma. "Kisibaki hata kimoja. Sauti itarudi kwa mwenyewe."

Akavunja. Nyakerario alijiziba masikio, maana kila kimoja kililia kilipopigwa, kilio cha mtoto anayechapwa na mama yake na hajui kosa lake, na Kaltuma naye akilia akapiga, akapiga, akavunja hamsini na tisa. Akainua nyundo juu ya cha mwisho.

"Mama," kilisema polepole. "Usinipige."

Nyundo ikabaki juu.

"Huyo si mwanao," Maalim alinong'ona. "Anamwigiza. Mwanao ni huyu hapa. Piga."

Hakupiga. Alikiinua chungu akakikumbatia, moto wa tanuru bado umo, ukamchoma kifua, asikiachie. Maalim alifunga kitabu chake akasema yeye amemaliza lake. Nyakerario alirudi kwao Manga jioni ileile, na nani angemlaumu?

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Oda ya hoteli ilipotea na tanuru limeota majani. Kaltuma hukaa chumbani na chungu chake, amekifunika kwa leso nzuri ya Idi, na kutwa wanaongea, akiuliza, kikijibu, wakicheka. Kimeshajua maneno mengi ambayo hakukifundisha. Uchungu wa mwana, wanasema, aujuaye mzazi. Sijui huu tuuite uchungu gani.

Kila asubuhi Laila huingia na nyundo. Huiburuta kwa mikono miwili, kwani ni nzito, akaiweka mapajani mwa mama yake, akasimama akimtazama usoni. Na kila asubuhi Kaltuma huisukuma chini ya kitanda, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, mwanangu," humwambia. "Mwenzako amelala."